Ombi la Écran Mbili kwa Ajili ya Heshima ya Mama Mukwe

Bel-Air, commune ya Kampemba, Lubumbashi

Kwa Padri Rigobert, Paroko wetu

Kuhusu: écran ya ordinateur inayotaka kuvunja ndoa uliyoibariki kwa mikono yako mwenyewe

Padri Muheshimiwa,

Nakuamkia kwa heshima zote. Mimi ni Floribert Kalenga, baba yake Tracy, yule déclarant anayepitisha mizigo ya watu kwenye douane, forodha ya mpakani kule Sakania, na Jumapili hukaa upande wa Mtakatifu Yosefu karibu na feni isiyozunguka. Naandika Kiswahili cha misa, siyo kile cha sokoni, ili ujue tangu mwanzo kwamba sikuja kuchekesha. Ukitaka kucheka, cheka peke yako sakristia, halafu unipe jibu.

Wewe ndiye uliyetufungisha ndoa, mimi na Benita, ijapokuwa yeye ni Mprotestanti wa Kivu ya Kaskazini, na mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, mjukuu wa watu wa reli. Siku ile ulisoma kwamba wawili watakuwa mwili mmoja, wamama wakapiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza habari za écran. Sasa nauliza mimi. Kama wawili ni mwili mmoja, je, ni lazima watumie pia kioo kimoja cha ordinateur? Benita anasema ndiyo, na anataja sura na mstari. Unawajua Waprotestanti.

Nyumbani tuna bureau, chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama avenue. Benita anauza kwa jumla, vitenge, mafuta na sabuni, na kaka yake Muhindo anabeba mizigo kwa malori. Mimi nashughulikia karatasi. Ordinateur, kompyuta yenyewe, ni moja. Tunapokezana kuandika, lakini kazi za kila mmoja zinabaki wazi pale kwenye écran. Écran ya zamani ilipokufa, niliomba kwa adabu tununue mbili za kadiri, zikae bega kwa bega, yake kushoto, yangu kulia. Benita akaenda mjini, akarudi na moja, kubwa kama mlango wa choo. Nilipomwuliza, alinijibu mbele ya majirani: "Papa Tracy, écran mbili iko ya bantu benye kuachana." Majirani wakapiga makofi. Tangu siku ile nateswa, na mateso yangu nayapanga kwa namba, kama Mabruda walivyotufundisha shuleni.

1. Mpaka. Nilibandika utepe katikati ya écran, juu mpaka chini, ili kila mtu ajue upande wake. Hata hivyo kila nikirudi nakuta picha za vitenge vya Benita zimevuka upande wangu bila karatasi yoyote. Padri, mimi ni mtu wa douane, magendo nayajua nikiyaona. Marehemu babu yangu, aliyeitumikia reli mpaka mgongo ukapinda, alikuwa akisema reli ni mbili, ndiyo maana treni inakwenda. Nani amewahi kuona treni ikitembea juu ya reli moja pana? Nilimpa Benita hoja hiyo. Akasema hata hiyo treni yenyewe siku hizi haipiti.

2. Dirisha. Écran kubwa namna ile inaonekana kutoka nje, na katika avenue yetu chochote kinachowaka na ni kikubwa ni televisheni, na televisheni ni ya wote. Jirani yetu Mama Virginie alikuja na kigoda chake, akaangalia nikijaza karatasi za shehena ya sabuni kutoka mwanzo mpaka muhuri. Nilipomaliza akauliza sehemu ya pili inaanza lini.

3. Wageni. Hapa, Padri, naomba kwanza nivue kofia, kwa sababu neno lenyewe ni zito. Goma ikaanguka mikononi mwa waasi. Mama yake Benita yuko kule, na wadogo wa mama yake, na duka ambalo ukoo ulianza kulijenga siku babu yao aliposhuka milimani na mzigo wa vitunguu kichwani. Benki zikafungwa, ndege zikakoma, barabara zikakatika. Malori ya Muhindo yaliyokuwa njiani hayakujua kama yaende mbele au yarudi nyuma. Hata huku kwetu kila kitu kikaanza kulegea. Courant, umeme wetu, inakuja inapotaka, bei ya asubuhi siyo ya jioni, na kila mtu anamwuliza mwenzake mambo ambayo hakuna anayeyajua.

Ndipo watu wa kwao Benita wakaanza kuja kwenye bureau yangu. Kuna walioishi hapa miaka, kuna waliokimbia wakafika na begi moja. Wote wanaifuata écran. Mtu ametumiwa video ya barabara ya kwao, inawekwa pale, kila mtu anasogea. Ule ukuta si wa kwa Masika? Lile bati la bluu si letu? Kwenye telefone hawaoni kitu, ila kwenye écran ya Benita wanaona mpaka kuku wa jirani. Wakikuta nyumba imesimama wanaimba. Wakikuta haikusimama wanaimba pia, wimbo mwingine. Mimi nimekaa kona na sabuni zangu.

Nikajiambia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikalitoa jembe kweli, nikaliegemeza ukutani pale wanapoliona. Aka! Sikujua namtania nani. Watu wale ni wakulima tangu tumboni. Walilipokea jembe kwa mikono miwili, wakanishukuru, wakaomba la pili. Ua wangu uliokuwa na mchanga safi wa kuegesha gari umekuwa matuta.

3 bis. Sasa kuna maharage, karoti na kabichi, na wanasema shamba ni langu. Nakula vizuri, sikatai. Nalalamika kwamba nimenyimwa hata haki ya kuwachukia.

4. Buko. Wewe Padri ni mtoto wa Kabalo, sitakufundisha buko ni nini. Kwetu mama aliyemzaa mke wako humtazami usoni. Ukimwona njiani unaingia majanini mpaka apite. Huli mbele yake. Jina lake hulitaji, na lako yeye halitaji. Hakuna chuki hapo, ni heshima, na heshima ile inapimwa kwa umbali. Ndoa yangu na Benita ilikuwa nzuri sana kwa sababu kati yangu na mama yake kulikuwa na nusu ya Kongo.

Écran ikaifuta Kongo yote. Kila mchana mtandao ukikubali, Benita anamwita mama yake kwa video, na mama mukwe anatokea pale, uso mpana kuliko kifua changu, nami nipo mbele yake na shati la ndani. Mara ya kwanza niliingia chini ya meza, nikakaa huko mpaka walipomaliza habari za ukoo mzima. Mara nyingine alinikuta nakula. Nilikuwa na tonge la bukari, ugali wetu, mkononi, limeshabeba mboga ya sombe, na mdomo wazi. Akaniangalia. Nikamwangalia. Kisha akamwambia binti yake, kwa sauti iliyojaza avenue, kwamba ule bwana amekonda, aongezewe samaki.

Kosa kama lile kwa mila linalipiwa kuku. Nilimnunua siku ileile, kuku mweupe, sikubishana bei. Lakini kuku atapita wapi? Ndege hakuna, barabara hakuna. Nikamfunga uani amsubiri mwenyewe. Ametaga, akaatamia, na sasa faini yangu inatembea kati ya matuta na vifaranga nyuma.

5. Uso. Padri, kaa chini.

Mchana mmoja mama mukwe alikuwa akieleza jinsi walivyolala chini ya vitanda kwa ajili ya risasi. Picha ikakwama. Sauti ikakatika. Uso ukabaki pale, macho wazi, kitambaa cha kichwa kimelegea upande, mdomo kama wa mtu anayetaka kumaliza neno. Muhindo akawahi kuihifadhi ile picha kabla haijapotea. Tukapiga tena, kimya. Kesho yake, kimya. Wiki ikapita, zikafuata nyingine, kimya. Benita akaiweka picha ile ijae écran nzima, akatoa amri kwamba mtu asifungue kitu juu ya mama. Courant ikikatika anapotea, ikirudi naye anarudi. Mimi nikaambiwa nifanye kazi zangu chini ya kidevu. Nimepitisha mizigo ya watu kwenye ukosi wa mama mukwe wangu.

Na yale macho! Nikiegemea kushoto yapo, nikiegemea kulia yapo. Siwezi kunywa maji. Siwezi kujikuna. Mimi ni mtu wa buko, Padri, nimelelewa. Basi asubuhi moja, kwa heshima, narudia, kwa heshima, niliichukua karatasi ya douane ya lori la sabuni lililokuwa Sakania, nikaivuta kutoka chini ya kidevu mpaka juu pale kwenye écran, nikamfunika uso. Kisha nikaenda kuoga na moyo mweupe.

Mawee! Kilio nilikisikia nikiwa na sabuni machoni. Watu wa kwao walikuwa wameingia kwenye bureau, wakakuta uso wa mama umefunikwa kwa karatasi nyeupe. Na nani hufunikwa uso? Wewe ndiye unayewanyunyizia maji, unajua. Hakuna aliyefikiri habari za douane. Wote walifikiri kwamba habari ya msiba imefika, na kwamba mimi, mwenye nyumba, nimeshatimiza wajibu. Nilipotoka na taulo, wanawake walikuwa wamekaa chini, Mama Virginie ameshaleta sufuria yake ya matanga, wanaume wanafunga turubai kwenye ukuta, na matawi yameshawekwa njiani ili magari yajue kuna kilio.

Benita alikuwa sokoni. Alikutana na turubai kabla ya kukutana na mimi. Nilimwona akija kutoka kona ya avenue, anatembea, halafu akaanza kukimbia. Kitenge cha juu kilianguka, hakukiokota. Nilipiga kelele kwamba mama hajafa, ni karatasi ya sabuni! Jaribu wewe kusema hivyo mbele ya watu ukiwa na taulo. Alinipita. Akaingia, akaiondoa ile karatasi, akakuta mama yake anamtazama vilevile kama jana. Akakaa chini, sakafuni, mgongo kwenye meza. Kisha akaniuliza: "Juu ya nini unafunika mama sura? Unajua kitu chenye miye sijue?"

Sikujua kitu, Padri. Hakuna anayejua kitu, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

6. Kimya. Tangu hapo Benita hasemi nami. Amehamia kitanda cha Tracy. Chakula analeta, na samaki wawili juu, maana amri ya mama yake haivunjwi, lakini sahani inawekwa bila neno. Samaki wale wananikaba.

Kwa hayo yote naomba utangaze Jumapili, pale unaposoma majina ya wachumba, kwamba écran moja kubwa katika nyumba ya Wakristo ni hatari kwa roho, na kwamba Kanisa linapendelea mbili. Hoja zipo nyingi. Mungu alipompa Musa amri zake, alimpa ubao mmoja mkubwa? Alimpa mbao mbili za mawe, za kushikika, na amri zikagawanywa. Biblia ni Agano la Kale na Agano Jipya, na hata Waprotestanti wanabeba yote mawili. Macho ni mawili, masikio mawili, mapafu mawili. Ukitafuta kitu ambacho Mungu alikiweka kimoja na kikubwa, utapata samaki aliyemmeza Yona, na unajua Yona alivyolia mle ndani.

Kama wewe huna uwezo, mwandikie Askofu. Kama Askofu ana kazi nyingi, yeye aandike Roma, na Roma ikae kikao. Nitangoja. Nikiambiwa Roma nayo haina courant, basi mwite Benita mwenyewe, umkalishe, umwambie kwa upole, maana mimi nikifungua mdomo anatoka chumbani.

Umwambie kwamba sitaki écran mbili ili tuachane. Nataka moja iwe ya mama, yote, bila utepe, bila vitenge, bila sabuni, na mtu yeyote asimfunike tena. Akae pale mpaka apige telefone. Ile nyingine, hata ikiwa ndogo kama sahani, nitaiweka upande wa pili wa meza nifanye kazi nikiwa nimegeuka, kama heshima inavyotaka. Neno langu ni hilo tu. Yale mengine niliyapanga kwa namba kwa sababu naogopa. Naogopa kwamba siku itafika nitafunika ule uso kwa kweli, na kwamba mke wangu, kila akimkumbuka mama yake, atanikumbuka na mimi na taulo yangu.

Nisalimie kwaya yote, hasa wale wa sauti ya tatu wanaojitahidi. Nisalimie wamama wa Lejio ya Maria, katekista na mguu wake, mlinzi wa lango, na yule mbwa wa parokia anayejua kunyamaza wakati wa mageuzo kuliko Wakristo wengi. Mungu akupe nguvu, na akupe courant.

Mimi niliye chini ya kidevu,

Floribert Kalenga
déclarant, mume wa Benita (ukinisaidia)

N.B. Padri, usisome hayo ya juu. Kama umeshayasoma, yachome. Bahasha nilikuwa nimeshailamba, nikaifungua tena, ndiyo maana unaiona imechanika.

Mama mukwe yuko Sakania. Yuko hai! Telefone yake ilipotea kule Goma siku walipohama nyumba. Alitoka na wenzake, wakapitia Uganda, akapanda malori ya watu wa kwao, Tanzania yote, Zambia yote, amekaa kati ya dereva na magunia, mwanamke wa umri ule. Kadi yake ya kitambulisho imebaki kule. Pale mpakani maajenti wakakataa kumpitisha, wakamwuliza anajulikana na nani upande huu. Na yeye, ambaye tangu harusi ananiita ule bwana, alisimama mbele ya madereva wote akalitaja jina langu. Jina lote, la ubatizo na la ukoo, kwa sauti ileile ya samaki. Maajenti wakasema kumbe ni mukwe wa Floribert, wakampa kiti, wakanipigia.

Nilikimbilia jikoni. Sikuwa na namba wala hoja. Nilisema tu, mama amefika. Benita akanishika shati, akalia mpaka shati likalowa, kisha akasema neno lake la kwanza kwangu tangu ule msiba wa uongo: "Sasa unangoya nini?"

Kuhusu écran, isiguswe. Musa na mbao zake nawaomba radhi. Mama amewaacha wadogo zake kule, na macho yake hayaoni vitu vidogo, kwa hiyo kila mchana atakaa mbele ya ile kubwa kuwatafuta, nami nitakaa karibu naye, kwa sababu viti ni vichache. Kama parokia ina mabenchi mawili yasiyo na kazi, hayo ndiyo ninayoomba yawe mawili.

Tunatoka sasa hivi, mimi na Benita, ndani ya gari la Muhindo. Kuku yuko kikapuni na vifaranga wake wote. Maajenti wamesema, kwa kuwa jina lililotajwa ni langu, mimi ndiye nitakayesimama mbele ya yule mama, nimtazame usoni, niseme mbele ya wote kama ni yeye. Benita ameniuliza kama nitaweza. Nimemwambia, Mama Tracy, katika Kampemba yote hakuna mtu anayeujua uso ule kuliko mimi.